Maji ya Vifundoni

...arobaini na sita nukta mbili, nukta moja, mbili tena, namba ya chumvi inayumbayumba kwenye kioo kidogo cha kipimo kama ilivyo desturi yake, na Maasuma ameshika waya kwa mkono wa kulia na kalamu kwa wa kushoto, anangoja itulie, siku zote hutulia, dakika mbili tatu hivi, unaandika, unavuta waya, mnahamia kituo cha tano, mnarudi pwani jua halijawa kali, na nyuma yake ami Mirza, mwenye boti, anauliza huku anatafuna, "Imetulia?" naye anajibu bado, ami, bila kugeuka, kwa sababu akigeuka atamwona anavyoupaka mkate wake mahiawa, ule mchuzi wa dagaa waliovundikwa ambao ukiupenda unaupenda na usipoupenda unahama nyumba, anaupaka kwa kidole kizima mpaka ukingoni, na hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akiupaka baba, na leo ni siku ya hamsini na moja tangu wamzike baba, arobaini imekwisha, watu wamekula wamekwenda zao, viti vimerudishwa ukumbini, nyumbani amebaki mama na lile beseni la bluu uani ambalo hakuna mwenye moyo wa kuliondoa, mama akifagia analizunguka tu, taratibu, utadhani kuna mtoto amelala ndani yake... lilikuwa beseni la miguu, la miguu ya baba peke yake, ole wako uoshee kikombe humo, kila siku akirudi kutoka baharini alikaa kwenye ngazi ya jikoni, akakunja kanzu magotini, akaitumbukiza miguu kwenye maji ya bomba, mmoja kwanza, halafu wa pili, akafumba macho na kusema Alhamdulillahi kama mtu aliyeletewa habari njema kutoka mbali, na visigino vyake vilikuwa vimepasuka mipasuko ya kuingia ukucha, mama akivipaka mafuta ya ufuta huku anamnung'unikia, vaa viatu vya mpira, Makki, wenzio wote wanavaa, na baba akisema mtu aliyevaa viatu vya mpira baharini ni mgeni, atajuaje amesimama wapi... nukta moja... naye alijua, wallahi alijua amesimama wapi, miaka arobaini na kitu ya kuingia kwa miguu maji yakipwa, kwenda kwenye wando wake, ule uzio wa fito za mtende zilizochomekwa matopeni, ukuta mmoja mrefu na chumba mwishoni, samaki tasi anafuata ukuta akidhani anakwenda kwao, maji yanapwa, anajikuta chumbani hana pa kutokea, na baba anaingia na kapu lake kama mtu anayeingia ghalani kwake, anajua kila jiwe, anajua mahali ambapo zamani, enzi za babu Abdulnabi, maji matamu yalikuwa yakibubujika chini ya bahari, wapiga mbizi wakayaita nyota, wakizama na viriba kuyateka, chemchemi ile ilikufa kabla Maasuma hajazaliwa lakini baba kila akipita alikanyaga pale kwa kisigino, mara moja, kama unavyopiga hodi kwenye nyumba ya jirani aliyehama, ukijua fika kwamba hayupo.

Na ndipo hapa, hapa hapa chini ya boti, kituo namba nne kwenye fomu yake, mita mia tatu kutoka kwenye bomba kubwa ambalo mtambo unarudishia baharini maji makali, ndivyo kazi ilivyo, mtambo unavuta maji ya bahari, unayakamua, matamu yanakwenda mjini kwenye mabomba ya watu na kwenye beseni la baba, na chumvi yote iliyokamuliwa inarudi ilikotoka ikiwa imebanana ndani ya maji machache, ukali karibu mara mbili, na yeye Maasuma kila baada ya miezi mitatu huja na kipimo chake kuangalia kama bahari imeumia, hiyo ndiyo kazi yake kwa lugha nyepesi, mwaka wa saba sasa, kuiuliza bahari kama imeumia na kuandika jibu, na baba alikuwa akijigamba msikitini, binti yangu anapima bahari, wenzake wakimtania, anaipima ili aishonee nguo? na baba akicheka mpaka kikohozi kikamshika... arobaini na sita nukta mbili... shakwe wanapigania kitu pale kwenye povu la bomba, mtambo unanguruma mchana kutwa ile sauti moja isiyopumua, na ami Mirza anasema, kwa sauti ya mtu aliyeshiba anayetafuta mazungumzo, "Namba yako leo ina maringo, daktari," yeye si daktari wala hakuwahi kuwa, ni jina ambalo ami Mirza alimpa siku alipomwona na koti jeupe, na huwa anamjibu kwa utani lakini leo anasema tu ndiyo, ami, na ami anaendelea, mkewe anataka wahamie mjini kwa binti yao, huko ghorofani, atapanda lifti na nyavu? na Maasuma anasikia nusu, nusu nyingine inakwenda na maji, anaitazama mikono yake iliyoshika waya, na juu ya waya, kwenye ukingo wa boti, utepe mwekundu, utepe wa mafundi umeme alioufunga kwa mkono wake siku ya kwanza ya kazi, msimamizi alimwambia kipimo cha kabla ya hiki kilivunjika mwambani, hatuwezi kuvunja kingine, simamisha mita moja juu ya sakafu, tia alama, na alitia, akapima kina cha kila kituo, akafunga utepe, akauvuta kwa meno, alikuwa na furaha siku ile, kazi mpya, kofia mpya, na kwenye fomu penye neno kina palikuwa tayari pameandikwa "karibu na sakafu", mtu mwingine aliandika, si yeye, na mita moja si karibu? kwa bahari nzima, mita moja ni kitu gani...

Ni kiuno cha mtu. Ni kutoka kwenye vifundo vya miguu ya baba mpaka kwenye mkanda wake. Kwa nini hilo halikumjia kichwani miaka yote hiyo, au lilimjia akalifukuza, kwa sababu baba alilisema, hakulificha, alilisema beseni likiwa limejaa na miguu ikiwa myekundu kama iliyochemshwa, "Ya juu hayana neno, mwanangu, ukichota kwa mkono ni bahari ileile. Ni ya vifundoni. Ya vifundoni yananichoma," na kaka zake wawili wakacheka, baba na maji yake ya vifundoni, ikawa msemo wa nyumba, chai ikiwa ya moto wanasema hii ni ya vifundoni, mama akizidisha chumvi kwenye wali, leo umetupikia kwa maji ya vifundoni, na yeye pia alicheka, yeye aliyesoma, yeye ambaye chuoni alimwaga maji ya chumvi yaliyotiwa rangi kwenye chupa ya maji ya kawaida akayaona yakishuka kimya kimya na kulala chini, zulia jembamba la buluu, hayachanganyiki mpaka uyatibue, mwalimu akauliza nani ataeleza na yeye ndiye aliyenyoosha mkono... alinyoosha kwa sababu ya chai ya baba, hilo hakumwambia mwalimu, baba hakuwa akikoroga chai, anatia vijiko viwili vya sukari kwenye kile kigilasi chenye kiuno na kuviacha vikae chini, anakunywa ya juu, chungu, polepole, na funda la mwisho, ule utamu wote uliolala, lilikuwa lake Maasuma, haki yake, kaka zake walijua wasiliguse, alikuwa akikaa karibu na goti la baba akingoja kigilasi kiteremke, kwa hiyo yeye kabla ya chuo, kabla ya shule, kabla hajajua kuandika jina lake, alijua kwamba kizito hulala chini, na hata hivyo ameipima bahari kwa kuonja juu ya kigilasi miaka saba akaandika kwamba hamna kitu... "Imetulia?" Bado, ami.

Na ami Mirza anaikunja ile karatasi ya mkate, anaisikia inavyokwaruza, anakohoa kikohozi cha mtu anayetaka kusema jambo, na anasema hapa ndipo palipokuwa mlango wa wando wa baba yako, nikimwaga makapi ya chai hapa naona haya, naona nimemwagia sebuleni kwake, kisha anasema kuna neno ninalo, mama yako aliniomba nilishike mpaka arobaini ipite, na imepita, na Maasuma anajua mara moja ni la siku gani, la siku ile ya mashtaka, miaka miwili iliyopita, wenye nyando wanne walipokwenda ofisini kulalamika, ami Mirza akiwasindikiza, kaa wamehama, nyasi za bahari zimekauka zikiwa majini, tasi hawafuati ukuta tena, na baba alirudi siku ile akaomba chai, alipoulizwa vipi akasema wametupokea vizuri, basi, na yeye Maasuma hakuuliza zaidi, hakuuliza kwa sababu alijua ofisi ingetazama karatasi gani, hakuna karatasi nyingine, na aliona afadhali baba asijue, na alijidanganya kwamba hajui, nyumba nzima ilikuwa ikipita mbali na jambo hilo kama sasa mama anavyolizunguka beseni... na ami Mirza anasema, bila kupandisha sauti, "Yule bwana wa mezani alimpa karatasi yenu. Akavaa miwani. Unajua baba yako alivyokuwa anasoma, kama mtu anayetoa miiba kwenye samaki. Akaisoma yote. Akafika chini, kwenye jina, akaniambia, Mirza, kapima Maasuma. Nikamwambia haya, kapima Maasuma, ndiyo nini sasa? Sema miguu yako inavyokuuma! Akaikunja miwani. Akasema, kama kapima Maasuma, basi ni miguu yangu. Miguu yangu imezeeka."

Basi ni miguu yangu... arobaini na sita nukta moja, nukta moja, nukta moja, loo, imetulia, namba imetulia kabisa, ndiyo hii, iandike, mkono wa kushoto una kalamu, nafasi ya kuandika ipo, na kalamu haiendi, kwa sababu chini ya ile nafasi kuna mstari wa jina na jina analoliandika hapo kila mara ni refu, Maasuma Makki Abdulnabi, ndivyo watu wa kwao wanavyoandikwa, jina lako, la baba, la babu, na kwa hiyo baba alipofika chini ya karatasi na miwani yake alilikuta jina lake mwenyewe limekaa katikati, kati ya la binti yake na la baba yake mpiga mbizi, vizazi vitatu vimetia saini kwamba miguu ya Makki inasema uongo, na akaamini, hapo ndipo roho inapomkata, angekasirika, angesema wamempa binti yangu kipimo kibovu, angerudi nyumbani akamwita akamkaripia kama alivyomkaripia alipoangusha birika, angesema Maasuma, hebu vua viatu twende ukasimame nilipokuwa nimesimama, na angekwenda, wallahi angekwenda, lakini aliomba chai tu, akamwachia funda la mwisho, mwanamke wa miaka thelathini na sita, akamsogezea kigilasi, chukua lako, na yeye akanywa... na wiki ile ile akang'oa wando, ufito mmoja mmoja, kaka zake wakamsaidia kubeba, wakasema afadhali mzee apumzike, naye alisema hivyo hivyo, afadhali, na kumbe kabla ya kwenda kung'oa baba alikwenda sokoni akanunua viatu vya mpira, vyeusi, virefu, na ndivyo alivyovaa siku ile kuingia baharini, wote waliona, mama akasema hatimaye umesikia la watu, wakacheka, hakuna hata mmoja aliyejiuliza mtu anang'oa nyumba yake ya miaka arobaini kwa nini aende kama mgeni, alikuwa hataki miguu imwambie kitu tena, aliifunga mdomo, miguu yake mwenyewe.

"Nimekuudhi, mwanangu?" anauliza ami Mirza, na Maasuma anatikisa kichwa, hapana ami, hapana, upepo hauna nguvu lakini boti inacheza kidogo na waya unacheza nao, utepe mwekundu unapanda unashuka kwenye ukingo, na sasa linakuja lile jingine, analijua linavyokuja, limekuwa likija usiku na mchana tangu mazishi naye akiligeuzia mgongo, mwaka wa tatu wa kazi, kituo hiki hiki, utepe ulikuwa umelegea kwa jua ukateleza na waya ukapitiliza kabla hajaushika, na namba ikaruka, arobaini na nane, hamsini, hamsini na moja, aliiona kwa macho yake mawili, hamsini na moja, na alifanya nini? alisema tope limeingia kwenye kipimo, hakuna aliyemwambia hivyo, alijiambia mwenyewe, akakivuta, akakiosha kwa maji matamu ya chupa, akakisuuza vizuri kama mama anavyosuuza miguu ya baba, akafunga utepe upya, akakishusha mpaka kwenye alama, akangoja, ikatulia, akaandika arobaini na sita, na jioni ile baba alikuwa kwenye ngazi ya jikoni na miguu ndani ya beseni na yeye akapita na mkoba wa kipimo begani akamwambia pole baba, akapita, hatua mbili tu kati ya kipimo na ile miguu, angekitumbukiza kwenye beseni vingesalimiana... je, alijua? alijua, au alijua nusu, na kujua nusu ndiko kubaya zaidi kwa sababu asiyejua hana hatia na anayejua ana woga wake wa kumtetea, lakini anayejua nusu huwa ameichagua ile nusu, na yeye aliichagua, kwa ajili ya kofia na koti na watu wa msikitini kusema binti Makki anapima bahari, na kwa ajili ya kutokuwa mjinga mbele ya msimamizi, hebu niambie, utamwambia nini msimamizi, kwamba baba yangu visigino vinamchoma?

Na kaka zake ndio waliomwosha, yeye alikaa nje ya chumba na mama na akina shangazi, walisikia maji tu, mara ya kwanza maji ya majani ya mkunazi, mara ya pili ya kafuri, mara ya tatu maji matupu, bomba linafunguliwa, linafungwa, linafunguliwa, na kichwa chake, kichwa kibaya kisichojua adabu, kilikuwa kikipiga hesabu, kila lita moja ya maji matamu huacha nyuma yake lita moja na nusu ya maji makali, ndoo tatu za kumwosha baba, kwa hiyo ndoo nne na nusu zimekwenda kule, kwenye kituo namba nne, hata kuondoka kwake duniani kumeiongezea chumvi ile bahari yake, aliona aibu kwa kufikiri hivyo, akauma pindo la ukaya wake wa kichwani kwa meno, na kaka mkubwa akatoka mikono imelowa akamwambia mama, ametulia, uso umetulia sana, na mama akasema Alhamdulillahi, ametulia, na wote waliokuja wakasema hivyo, siku tatu, siku arobaini, ametulia, amepumzika, ametulia, na ametulia vipi mtu aliyezikwa na miguu anayoidhania kuwa ni ya uongo, amekwenda mbele ya Mola wake akisema nisamehe, niliwasumbua watu bure, miguu yangu ilizeeka, kumbe ndiyo iliyokuwa macho kuliko sisi sote, ndiyo pekee katika nchi hii nzima iliyokuwa ikipima mahali panapostahili kupimwa... nukta moja, bado nukta moja, ameushika waya kwa muda mrefu kuliko kawaida na mkono umeanza kufa ganzi, na ami Mirza amewasha sigara, moshi unapita pembeni.

Andika, anajiambia. Andika arobaini na sita nukta moja, mvute waya, mwende. Baba hayupo, utampa nani jibu? Na ukiandika lile jingine, kesho watauliza na zile karatasi nyingine vipi, zote zile, za kila miezi mitatu, zenye saini yako, na hutakuwa na la kusema ila kwamba kulikuwa na utepe, nilifunga utepe, kwa meno, na watakuangalia, na msikitini watasema binti Makki ndiye aliyemng'olesha baba yake wando, wataisema pole pole, kwa huruma, huruma ndiyo itakayomuua, na mama... mama anajua, ndiyo, mama anajua tangu zamani, ndiye aliyesema ngoja arobaini ipite, hakusema usimwambie, alisema ngoja, yaani alitaka aambiwe, mama akilizunguka beseni na ufagio alikuwa akingoja, siku zote hizi, hajamwuliza kitu, hajamnyooshea kidole, alikuwa akipika na kungoja. Na upande wa kusini zimebaki nyando mbili, anaziona kutoka hapa, vijiti vyeusi vimetoka majini, na juu ya meza ya msimamizi kuna mchoro wa bomba la pili, wameshasema vipimo vya miaka saba vinaonyesha bahari haina neno, vipimo vyake, na wenye nyando zile wawili wazee watakwenda ofisini na visigino vyao na watapewa karatasi, na watavaa miwani... na kama kapima Maasuma, basi... arobaini na sita, ni mita moja tu, ni kutoka kwenye mkanda mpaka kwenye vifundo, mtoto mdogo akiinama anafika, yeye alifika, alipokuwa na miaka saba baba alimpeleka, akamsimamisha pale kwenye nyota iliyokufa, akamwambia simama, usiseme kitu, sikia kwa miguu, na yeye akasimama na matope yakipanda kati ya vidole akasema sisikii kitu baba, na baba akasema, usiwe na haraka, bahari haimwambii mtu aliyesimama juu juu.

Na vidole vinalegea, hakuna aliyeviamuru, utepe mwekundu unateleza juu ya ukingo, unagusa maji, unazama, unakuwa wa kahawia, halafu hauonekani, na waya unakwenda, shibiri moja, ya pili, ya tatu, unakwenda taratibu katikati ya kiganja chake na yeye ameuacha uende lakini hajauachia, kama unavyomshika mkono mgonjwa anayeshuka ngazi, na nne, na tano, kisha uzito unaondoka mkononi, waya unalegea, kipimo kimegusa chini, kimesimama pale baba alipokuwa akisimama, na kwanza hakuna kitu, arobaini na sita nukta moja, bahari ileile, na kwa pumzi moja, Mungu amsamehe, anatamani ibaki hapo hapo, itulie, iwe baba alizeeka tu kama wazee wengine... na namba inasogea. Arobaini na saba. Arobaini na nane nukta tatu. Inasita, inafikiri, hamsini, hamsini na moja, ile ile, ilikuwepo siku zote hizi, haikwenda kokote, na inaipita, hamsini na mbili, na machozi yanamtoka sasa bila kelele na hayafuti kwa sababu mkono mmoja una waya na mwingine una kalamu, yanashuka yanafika kwenye midomo, na ndani kabisa chini ya majuto yote kuna kitu kidogo ambacho anaona haya kukiita furaha, hawakukosea, baba, visigino vyako havikukosea hata siku moja, ni mimi, hamsini na mbili nukta saba, ni mimi niliyekuwa juu juu, na atalazimika kuliandika hili, na jina lote refu chini yake, na atakwenda nalo nyumbani kwanza, kabla ya kwa msimamizi, atakaa kwenye ngazi ya jikoni amwambie mama, lete lile beseni la bluu... mtambo unanguruma, shakwe wako pale pale kwenye povu lao, jua halijawa kali, na ami Mirza anaitupa sigara, anajisogeza kwenye usukani, anauliza kwa upole, safari hii kama anayeuliza hali ya mgonjwa, "Imetulia?"

"Bado, ami," anasema Maasuma, na anageuka amwangalie. "Bado inapanda."